Gesi Iliyozima Moto: Niliyojifunza Nikitafuta Chimbuko la Kaboni Dioksidi ya Chini ya Miamba

Ilikuwa siku ya tatu ya kujaribu kisima, na sote tulikuwa tumesimama mbali kidogo na mnara wa kuchomea gesi tukingoja kuona moto. Kisima kilikuwa kimepenya kilomita tatu na nusu za miamba ya mashapo, yaani matope, mchanga na chokaa vilivyolaliana kwa mamilioni ya miaka hadi vikawa mawe, na kila mtu aliamini kwamba gesi iliyonaswa huko chini ni methani, ile inayowaka. Vali ilipofunguliwa tukasikia mngurumo, ukazidi, na mwenge mdogo uliokuwa juu ya mnara ukayumba, ukafifia, ukazimika. Fundi akauwasha tena, ukazimika tena. Nilipoteremsha macho kwenye mrija mwembamba tuliokuwa tukichukulia sampuli, niliona sakitu ikitambaa juu ya chuma, na mdomoni mwa mrija chembe nyeupe zikiruka kama chumvi. Zilipodondoka chini zilitoweka bila kuacha unyevu wowote. Barafu ya maji haifanyi hivyo. Ile ilikuwa kaboni dioksidi, hewa ukaa yenyewe, iliyoganda kwa baridi inayotokea gesi iliyobanwa inapotanuka ghafla.

Maabara ilithibitisha tulichokiona: asilimia 81 ya gesi ilikuwa kaboni dioksidi. Mimi nilikuwa na miezi michache tu kazini, na ndimi niliyepewa jukumu la kueleza imetoka wapi. Swali hilo halikuwa la udadisi mtupu. Kisima kinachofuata kingechimbwa mahali ambapo jibu lingeelekeza, kwa kuwa kila chimbuko la gesi hii lina njia yake ya kupanda na mahali pake pa kujikusanya.

Nilifanya haraka. Kilomita kadhaa kutoka kisimani palikuwa na mabaki ya zaha ya kale, na kati ya zaha ile na kisima ulipita ufa mkubwa wa miamba unaoshuka hadi chini kabisa ya bonde la mashapo tulilokuwa tukilichimba. Nilikuwa pia na namba moja iliyonipendeza mno. Kaboni ina isotopu mbili zisizooza, yaani aina mbili za atomi zinazotofautiana kwa uzito tu, ile ya uzito wa 12 iliyo nyingi sana na ile ya uzito wa 13, ambayo ni takriban asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, na uwiano wake hupimwa kwa sehemu za elfu kulinganisha na kipimo cha kimataifa; namba hasi maana yake ni kwamba ile ya 13 ni pungufu ya kipimo hicho. Kaboni dioksidi inayotoka kwenye koti la dunia, lile tabaka nene la mwamba wa moto lililo chini ya ganda tunalokanyaga, kwa kawaida huwa kati ya hasi 3 na hasi 8. Yetu ilikuwa hasi 4.8. Niliandika katika ripoti, bila kusita, kwamba gesi ile imetoka kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kwamba imepanda kwa kupitia ule ufa, na kwamba kisima kinachofuata kisogezwe mbali na ufa, kuelekea upande wa bonde ulio na kina kirefu zaidi.

Msimamizi wangu, mama wa makamo aliyekuwa amepima gesi za chini ya ardhi tangu mimi sijazaliwa, aliirudisha ripoti ikiwa na maandishi ya penseli pembeni mwa ile namba: «Nini kingine kingeweza kutoa hasi 4.8?» Nilikasirika kidogo, nakiri, kwa sababu niliona swali limekwisha kujibiwa. Aliniita, akanivutia kiti, akaanza kunionyesha jinsi kaboni dioksidi inavyozaliwa chini ya miamba. Mengi nilikuwa nimeyasoma chuoni, ila sikuwa nimewahi kuyaweka mezani kwa pamoja na kuyashindanisha.

Alianza na chokaa, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi. Nilikuwa na picha ya tanuri kichwani mwangu: chokaa ili itoe gesi yake lazima ichomwe kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, na bonde letu halikuwa na joto la kukaribia hapo. Lakini chini ya ardhi chokaa haichomwi peke yake. Imelaliana na udongo wa mfinyanzi, imechanganyika na mchanga wa kwazi, na maji ya chumvi yanapita katikati ya vyote hivyo. Kwazi na chokaa vikifikia nyuzi mia tano au mia sita hivi, kutegemea mgandamizo na maji yaliyopo, hubadilishana viungo vyao na kuzaa madini mapya, na kaboni dioksidi inabaki haina mwenyeji. Dolomiti, chokaa yenye magnesiamu, ikikutana na udongo wa mfinyanzi huweza kuanza kutoa gesi katika joto la chini zaidi, nyuzi mia moja na kitu, joto ambalo visima vingi vya kawaida hulifikia. Ndiyo sababu uchunguzi wa hifadhi, yaani miamba inayotunza gesi na mafuta, za mwamba wa mchanga kwenye mwambao wa Norway na katika pwani ya Ghuba ya Mexico ulionyesha jambo lililo wazi kabisa kwa atakayechora takwimu zake: kadiri hifadhi inavyokuwa na joto kubwa, ndivyo sehemu ya kaboni dioksidi katika gesi yake inavyoongezeka. Hapahitajiki volkano. Panahitajika kina, joto, na mawe yanayoweza kujibizana.

Baada ya chokaa akaja kwenye mabaki ya viumbe. Mimea iliyozikwa ndani ya matope ina oksijeni nyingi, na inapoanza kupashwa joto huitoa oksijeni hiyo mapema, kwa sura ya kaboni dioksidi, kabla hata mafuta hayajaanza kutengenezwa. Gesi hiyo huwa nyepesi kwa isotopu, pungufu ya hasi 10 na mara nyingi karibu na hasi 20 au chini zaidi, kwa kuwa mimea hupendelea kaboni ya uzito wa 12 inapojijenga. Bakteria wanaokula mafuta katika hifadhi zenye joto lisilozidi nyuzi 80 hivi nao hutoa yao. Kuna pia njia ya salfeti, ambapo mafuta au gesi hukutana na madini ya jasi katika joto la juu, vikazaa kaboni dioksidi pamoja na hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Hiyo tuliipita upesi, kwa sababu kisima chetu hakikuwa na harufu hiyo hata chembe. Mtaalamu wa China, Dai Jinxing, alikwisha kuonyesha kutokana na visima vingi vya nchi yake kwamba kaboni dioksidi inapozidi asilimia 60 ya gesi, chimbuko lake kubwa haliwi viumbe. Kwa hiyo tulibaki na wawili, chokaa na magma.

Hapo ndipo nilipodhani nimeshinda, kwa sababu chokaa ya baharini huwa karibu na sifuri. Haiwezi kuwa mbali na sifuri, kwani kipimo chenyewe cha kimataifa kilianzia kwenye kisukuku cha mnyama wa baharini aitwaye belemniti, kilichotoka katika miamba ya Pee Dee huko South Carolina, na maganda ya wanyama wa baharini ndiyo hasa yanayojenga chokaa. Namba yetu haikuwa sifuri, ilikuwa hasi 4.8. Msimamizi wangu hakubishana nami. Alichukua kipande cha karatasi akaandika: sehemu 80 za gesi ya chokaa yenye sifuri, sehemu 20 za gesi ya mimea yenye hasi 25. Akanipa penseli nizidishe na kujumlisha mwenyewe. Jibu lilikuwa hasi 5.

Nimekikumbuka kile kipande cha karatasi mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichosoma. Mchanganyiko wa kawaida kabisa, wa vitu viwili vinavyopatikana katika karibu kila bonde la mashapo, unaweza kuvaa sura ya magma bila kuwa na tone la magma ndani yake. Namba yangu ilikuwa imepimwa sawasawa. Kosa lilikuwa langu, la kuitaka iseme peke yake.

Shahidi wa pili aliyenitaka nimtafute ni heliamu. Gesi hii nayo ina isotopu mbili, na historia zake ni tofauti kabisa. Heliamu ya uzito wa 4 huzaliwa kila siku ndani ya miamba ya ganda la dunia, pale urani na thoriamu, elementi zenye mnururisho, zinapooza. Heliamu ya uzito wa 3 kwa sehemu kubwa ni ya zamani sana, ilinaswa ndani ya dunia wakati dunia yenyewe ilipokuwa inaumbika, na imehifadhiwa kwenye koti. Uwiano wa hizo mbili hulinganishwa na ule wa hewa tunayovuta, ambamo kuna atomi moja ya heliamu-3 kwa kila atomi laki saba na kitu za heliamu-4. Koti la juu, lile linalotoa magma chini ya migongo ya bahari, safu za milima zilizo sakafuni mwa bahari, lina uwiano unaozidi wa hewa kwa takriban mara 8, na ganda la dunia lina takriban mia mbili tu kati ya elfu kumi za uwiano huo wa hewa. Pengo ni la mara mia nne. Na kwa kuwa heliamu haijibizani na kitu chochote, haibadiliki njiani. Chokaa inaweza kuiga kaboni ya magma, lakini haina namna ya kutengeneza heliamu-3.

Nilirudi kisimani na chupa za kioo zenye vali za mpira, zile zile tulizotumia kwa vipimo vya kawaida. Majibu yalipokuja yalikuwa na uwiano unaokaribia sana ule wa hewa, na nilikuwa tayari kuanza kuutafsiri, mpaka fundi wa maabara aliponiomba nitazame neoni, gesi nyingine iliyomo hewani. Katika hewa, heliamu-4 ikigawanywa kwa neoni ya uzito wa 20 hutoa 0.318. Sampuli yangu ilitoa namba iliyo karibu na hapo. Nilikuwa nimepima upepo wa uwanja wa kisima. Heliamu hupenya kwenye kioo na kwenye mpira, hewa ikaingia na gesi yangu ikatoka, na safari nzima ikawa ya bure, kwa gharama ambayo wengine waliilipa.

Mara ya tatu nilikwenda na mirija ya shaba. Mrija mmoja una urefu wa kama mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Gesi inaachwa ipite ndani yake kwa dakika kadhaa ili ifukuze hewa yote, kisha ncha zake mbili zinabanwa kwa vibano vya chuma vyenye skrubu, hadi shaba inagusana na kujifunga yenyewe. Unabana ncha ya mbali kwanza, ya karibu baadaye, na unakaza skrubu kwa zamu, kidogo upande huu na kidogo upande ule, kwa sababu shaba ikibanwa upande mmoja hupasuka. Siku hiyo kengele ya kupimia hewa ililia mara mbili wakati nimeinama kwenye shimo lililo chini ya mdomo wa kisima. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hukaa bondeni kama maji, na haina rangi wala harufu ya kukuonya. Watu wa Goma na kando ya Ziwa Kivu huyaita mazuku yale mashimo na mabonde ambamo gesi hii hutuama na kuua, nayo inatoka katika volkano zile zile zinazoonekana kwa macho. Huko Cameroon, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos liliachilia kwa usiku mmoja gesi ya magma iliyokuwa imejikusanya katika maji yake ya chini, na watu wapatao 1,700 walikufa. Nilipanda juu, nikangoja upepo, nikashuka tena nikiwa na mwenzangu ameshika kamba.

Majibu ya shaba yalikuwa safi. Uwiano wa heliamu ulikuwa mia tano kati ya elfu kumi za ule wa hewa, yaani ganda tupu, pamoja na alama hafifu sana ya koti. Kilichonimaliza hasa ni hesabu iliyofuata. Magma ya migongo ya bahari hubeba takriban molekuli bilioni mbili za kaboni dioksidi kwa kila atomi moja ya heliamu-3, na uwiano wa koti kwa jumla huhesabiwa kuwa kati ya bilioni moja na bilioni kumi. Gesi yetu ilikuwa na zaidi ya bilioni mia mbili. Hata ningesema kwamba kila atomi ya heliamu-3 iliyokuwamo ilitoka kwenye magma, kwa uwiano wa migongo ya bahari isingeweza kuwa imeandamana na zaidi ya asilimia moja hivi ya kaboni dioksidi tuliyoikuta, na hata kwa uwiano mkubwa kabisa wa koti isingezidi asilimia tano. Karibu yote ilikuwa imetoka kwenye miamba ya bonde lenyewe, chokaa na udongo vilivyozikwa chini sana na kupashwa joto, pamoja na mchango wa mimea ya kale. Zaha niliyoiona kwa macho haikuhusika.

Kisima kilichofuata kilikuwa hakijaanza kuchimbwa. Kama ushauri wangu wa kwanza ungefuatwa, kingepelekwa kwenye kina kirefu zaidi, kwenye joto kubwa zaidi, yaani pale pale gesi ile inapopikwa. Badala yake kilipelekwa upande wa juu na wenye ubaridi. Huko kaboni dioksidi ilikuwa bado ipo, kiasi cha kulazimu ichujwe kabla gesi haijauzwa, lakini moto uliwaka.

Sipendi mtu asome haya akadhani heliamu daima huitetea miamba ya ganda. Nilikwenda baadaye kufanya kazi katika bonde jingine, tambarare, lisilo na kilima wala jiwe jeusi la volkano, na mirija ya shaba ikatoa uwiano uliozidi wa hewa mara tatu. Magma ilikuwa imepenya chini ya bonde lile bila kufika juu. Mifano ya aina hiyo ipo duniani na imesomwa kwa makini. Bravo Dome, huko New Mexico, iligunduliwa mwaka 1916 na watu waliokuwa wakitafuta mafuta. Gesi yake ni karibu kaboni dioksidi tupu, na heliamu yake inaonyesha koti waziwazi. Katika magharibi ya Texas, Chris Ballentine na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba kaboni dioksidi iliyomo katika baadhi ya hifadhi za Bonde la Permian ni ya magma, na kwamba imekaa humo kwa takriban miaka milioni 300. Niliposoma hilo nilinyamaza kwa muda. Mwamba kifuniko wa kawaida, matope na chumvi, umeshikilia gesi tangu kabla ya dinosaria. Ndiyo maana wanaopanga kuirudisha kaboni dioksidi ardhini, kama inavyofanyika kwenye uwanja wa Sleipner nchini Norway tangu mwaka 1996, wanazitazama hifadhi hizi za asili kwa hamu kubwa: dunia imekwisha kufanya jaribio lile kwa muda ambao hakuna maabara ingeweza kungoja.

Katika bonde lile la tambarare ndipo nilipokutana na fumbo la mwisho. Heliamu ilisema koti, kaboni ilisema koti, lakini kaboni dioksidi kwa kila atomi ya heliamu-3 ilikuwa chini ya kiwango cha magma, na ilizidi kupungua kisima baada ya kisima kuelekea upande mmoja. Safari hii sikuandika haraka. Heliamu haiyeyuki sana majini wala haijengi madini, kwa hiyo ikiwa uwiano umepungua, kaboni dioksidi ndiyo iliyoondoka. Stuart Gilfillan na wenzake walikwisha kuchunguza hifadhi tisa za asili za Amerika Kaskazini, China na Ulaya, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba sehemu kubwa ya gesi iliyopotea ilikuwa imeyeyuka katika maji ya chini ya hifadhi, na kwamba iliyogeuka kuwa madini mapya ilikuwa ndogo, isiyozidi asilimia 18. Visima vyetu vilivyopungukiwa zaidi ndivyo vilivyokuwa karibu zaidi na maji.

Nikaomba tuchote hayo maji. Yalitoka katika chupa ya kupimia yakitoa povu kama yanayochemka, ingawa yalikuwa ya uvuguvugu tu, na kipimo cha uchachu nilichokitumbukiza haraka kikasoma 5.6. Niliandika namba hiyo na saa. Dakika kumi baadaye ilikuwa imepita 6, yaani uchachu umepungua, mapovu nayo yamepungua, na nilipoiinua chupa kwenye mwanga niliona ukutani mwake, juu kidogo ya usawa wa maji, utando mwembamba mweupe ukianza kujijenga. Niliukwangua kwa ncha ya kisu nikaudondoshea tone la asidi. Ulitoa povu: chokaa.